Mguu Upi Utangulie

Kama umeambiwa kwamba nyonga yako imekwisha na sharti uwekewe nyingine, bila shaka umeshasimuliwa habari za watu mpaka umechoka. Yupo aliyekutajia shemeji yake aliyepona upesi akacheza ngoma, na yupo aliyekutajia jirani ambaye hakusimama tena. Mimi sina kisa cha namna hiyo. Nilipona, lakini nilipona huku naogopa, na hofu hiyo ilinichelewesha kuliko kisu cha daktari. Naandika haya kwa sababu siku zile nilitafuta mtu wa kuniambia kwamba naye aliogopa vilevile, sikumpata. Kila niliyemuuliza alijifanya shujaa.

Nina miaka hamsini na miwili. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kibiti, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimefundisha wasichana netiboli na kuicheza mwenyewe. Mchezo nilianzia kwetu Mbwera, kule delta, kwenye uwanja wa udongo wa chumvi nyuma ya mikoko. Goli letu lilikuwa pete ya pipa iliyopigiliwa kwenye mti, na maji ya bamvua yakifika uwanjani tulihamisha mchezo, hatukuuacha. Nilikuwa senta, yule anayekimbia huku na huku mechi nzima, na hapa Kibiti niliendelea kuwa senta katika timu yetu ya wanawake ya kila Jumamosi: walimu, wauguzi na wauza soko, wengi wetu tuna wajukuu. Nayasema haya ili uelewe nilichokuwa naogopa kukipoteza. Wengine huogopa kufa. Mimi niliogopa kukaa pembeni ya uwanja nikishika mikoba ya wenzangu.

Maumivu yalianzia kinenani, upande wa kulia, yakashuka mpaka gotini. Nilipaka mafuta, nikameza dawa za dukani, nikanywa kombe la aya zilizoandikwa kwa zafarani, nikacheza mechi nyingi huku nachechemea na kudai kwamba nimeteguka kidogo tu. Nilipofika hatua ya kushindwa kuvaa kiatu cha kulia bila kuegemea ukuta, mume wangu, baba Rehema, ambaye ni fundi baiskeli, alinitazama nikikatiza uani akatoa hukumu yake. Golori zimekwisha, alisema, sasa chuma kinasaga chuma. Nikamjibu kwamba mimi si baiskeli. Wiki chache baadaye tulikuwa Dar es Salaam mbele ya daktari, naye akaining'iniza picha ya eksirei kwenye mwanga akaanza kueleza. Nilipomtupia jicho baba Rehema nilimwona ameng'ata midomo. Daktari alikuwa anasema yaleyale ya golori, ila kwa maneno marefu.

Kliniki ile ilikuwa na mabenchi ya mbao, ya chini, na mpaka leo sijui nani aliamua wagonjwa wa nyonga wakalishwe chini namna ile. Tulikaa upandeupande, kila mtu amenyoosha mguu wake mbovu mbele, na aliyetaka kupita ilimbidi akanyage kwa uangalifu katikati ya miguu yetu. Nilikaa pale siku nyingi kuliko nilizolala wodini. Siku moja jirani yangu alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi, aliyekuja kukaguliwa mwaka wa pili baada ya kuwekewa nyonga. Nilimuuliza swali lililokuwa limenikaa kooni: itakuwaje ikichomoka?

"Utajua tu," aliniambia. "Utasikia mlio."

Hakuwa na nia mbaya. Lakini mlio ule ambao sikuwahi kuusikia nilirudi nao nyumbani, nikalala nao, nikaingia nao chumba cha upasuaji.

Nilipasuliwa wakati wa kiangazi, kabla ya masika. Nilipoamka mguu wa kulia ulikuwa mzito, umelala upande wake na mimi upande wangu, na kati ya mapaja yangu palikuwa na mto mkubwa niliokatazwa kuutoa. Asubuhi iliyofuata akaja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti mwembamba anayeitwa Upendo, akanisimamisha. Nilifika mlangoni na kurudi, jasho likinitoka kama nimecheza mechi mbili. Siku ya tatu alinipeleka kwenye ngazi ndogo ya mbao yenye vidato vitatu, isiyokwenda kokote, unapanda upande huu unashukia upande ule. Hapo ndipo alipotufundisha kanuni. Ukipanda, mguu mzima ndio unaotangulia. Ukishuka, unatangulia ulio mgonjwa. Baba Rehema alikuwa amesimama kando na mkoba wangu, akaikariri palepale: mzima kupanda, mgonjwa kushuka. Hakuiacha tena kinywani.

Nilimuuliza Upendo kuhusu netiboli. Alinishika bega akasema kwanza niende chooni peke yangu.

Nyumbani baba Rehema alikuwa ameniandalia makubwa. Kitanda alikiinua juu ya matofali. Kiti cha plastiki alikitoboa katikati kwa msumeno, akakisimamisha juu ya tundu la choo na kukifunga kwa tyubu za baiskeli kisiteleze. Alikata pia vipande vya tairi akavipigilia chini ya magongo yangu, maana masika ilikuwa imeanza na ua wetu ukawa utelezi mtupu. Kitu kimoja hakukifikiria, na mimi pia sikukifikiria, nacho ni mlango wetu wa mbele. Una vidato viwili vya kupanda.

Wewe uliyelelewa pwani unajua. Nyumbani unaingia kwa mguu wa kulia, chooni kwa mguu wa kushoto. Mama yangu alinichapa kwa jambo hilo kabla sijajua kusoma. Sasa mguu wangu mgonjwa ulikuwa huohuo wa kulia, na kanuni ya Upendo inasema mzima ndio upande kwanza. Jioni ile ya kurudi kutoka Dar nilisimama mbele ya mlango wangu mwenyewe, magongo kwapani, mguu wa kulia ukaanza kuinuka wenyewe. Baba Rehema nyuma yangu akasema, "Mzima kupanda, mama Rehema." Nikaushusha. Nikaingia nyumbani kwangu kwa mguu wa kushoto, nikapiga bismillahi mara mbili ya kulipia.

Tangu hapo nikawa sichukui hatua bila kujua ni ya mguu gani. Kwenye kidato cha jikoni, kwenye mfereji wa barabarani, kwenye kizingiti cha darasa, akili ilikuwa inaita majina kama mwalimu na daftari la mahudhurio: kushoto, kulia, kushoto. Watu waliniambia natembea vizuri. Hawakujua kelele iliyokuwa kichwani.

Mwili nao ulikuwa wa mtu mwingine. Kovu lilikuwa refu kuliko kiganja, na ngozi iliyolizunguka ilikufa ganzi, nikiigusa ni kama nagusa nguo. Nyayo zilivimba. Nilinenepa tumboni, paja likakonda, hata sketi zangu zikawa zinakaa kombo. Rehema, binti yetu, alikuja kutoka Dar akakaa mwezi mmoja, akarudi kwa mumewe. Tukabaki wawili, na hapo ndipo tulipochokana. Baba Rehema alipika, alifua, alinivalisha viatu, na mimi badala ya kumshukuru nilikuwa namchukia kwa jinsi alivyonitazama nikitembea. Wageni wakiuliza hali yangu alijibu yeye. Nikisimama tu, sauti yake inafika. Mzima kupanda. Siku moja nilimwambia mbele ya wateja wake kwamba kama anataka kitu cha kuendesha, baiskeli zimejaa hapo nje. Aliinama akaendelea kujaza upepo gurudumu, na jioni alinivua viatu kama kawaida.

Wiki ya sita niliachishwa gongo moja, mwezi wa tatu nikaachishwa la pili. Mpunga ulipovunwa nilikuwa naenda shuleni kwa miguu na kurudi, na Jumamosi moja nilipita uwanjani nikashika mpira, nikaunusa, nikaurudisha. Upendo alikuwa ameniambia kwamba tukifika mwisho wa mwaka tutazungumza habari za michezo. Nilianza kuamini.

Ndipo likaja begi la Hamisi. Hamisi ni mtoto wa kaka yangu, alikuwa anaoa Mahege, na kwa desturi yetu begi la nguo na zawadi za bibi harusi linapelekwa na wanawake wa upande wa bwana harusi wakitanguliwa na shangazi. Shangazi ni mimi. Asubuhi ile, nikiwa navaa, nilimwonya baba Rehema asije akanipigia kelele zake za ngazi mbele ya wakwe. Akasema sawa.

Tulifika na vigelegele, mimi mbele na sinia la asumini na udi, wenzangu nyuma na begi. Nyumba ilikuwa na baraza ya juu, kidato kimoja tu, lakini kirefu karibu kufika gotini, bila nguzo ya kushika. Mlangoni walikuwa wamepangana wanawake wa upande wa bi harusi, na katikati yao, juu ya kigoda, bibi mzaa mama wa binti akiwa ameinamisha kichwa anatazama chini. Nikaona anatazama miguu yangu. Baba Rehema alikuwa na wanaume kule kwenye turubai, nami niligeuka nikamwona ananiangalia, kafumba mdomo kama nilivyomwambia.

Nilijua kanuni. Miezi sita nilikuwa sijaikosea hata mara moja. Lakini niliona aibu. Shangazi mtu, kichwa cha msafara, aingie nyumba ya wakwe wapya kwa mguu wa kushoto. Watasema tumewaletea nuksi, na wakigombana hao watoto mwaka wowote ule utakumbukwa mguu wangu. Hakuna aliyenituma. Niliinua mguu wa kulia, nikaupandisha juu ya baraza na sinia mikononi, nikauegemea wote.

Mlio nikausikia.

Asumini zilimwagika kwanza, nikafuata mimi. Wenzangu walinidaka kwapani nisigonge sakafu. Vigelegele vilikatika, na maumivu yakanipanda kutoka kwenye nyonga mpaka kwenye meno. Sikulia kwa maumivu. Nililia kwa sababu nilijua imechomoka, na kwamba nimeichomoa mwenyewe kwa kuogopa macho ya bibi kizee.

Baba Rehema alinibeba mpaka kwenye gari la kukodi. Njia nzima kutoka Mahege hakunisema, na afadhali angenisema. Kesho yake tulikuwa kwenye yale mabenchi ya chini, ila mimi nilikuwa juu ya kitanda cha magurudumu ukutani, nikitazama dari. Tuliitwa saa nane mchana. Daktari aliitazama picha mpya, akaitazama ya zamani, akasema nyonga iko mahali pake. Msuli ndio uliovutika. Nipumzike wiki mbili, kisha niendelee na mazoezi yangu.

Mimi nilisikia nusu ya kwanza ya ile sentensi. Nilipumzika wiki mbili, nikapumzika mwezi, nikapumzika mpaka vuli ikaingia. Kwenda shuleni, mwendo wa dakika kumi, nikawa napanda bajaji. Nilifundisha nimekaa. Kila kilicholia, kikombe juu ya meza, bawaba ya mlango, nilishika nyonga. Jumamosi asubuhi nilikuwa nafunga dirisha nisiisikie filimbi ya uwanjani. Mama yangu alipiga simu kutoka Mbwera kuuliza kwa nini siendi kumwona. Nilimwambia naogopa boti, maji yakiwa yametoka unashukia kwenye tope mpaka magotini na mguu unaweza kubaki humo. Akasema basi nije mgongoni kwa mume wangu, maana alikuwa ameshazoea kubeba. Alicheka. Nilipokata simu nilijifungia chumbani.

Mwajuma ndiye aliyenivumilia kuliko wote, nami nikamlipa vibaya. Ni muuza samaki sokoni, mfungaji wetu, rafiki yangu wa miaka mingi, na maneno yake hayana breki. Alikuja akanikuta nimekaa barazani kwenye kiti changu kirefu, cha kuzuia nyonga isikunjike sana, akauliza kama wanihamishie kiti chenyewe uwanjani nicheze senta nimekaa. Siku nyingine ningecheka mpaka nishike mbavu. Siku ile nilimwambia aende akauze samaki wake. Aliinuka akajifuta mikono kwenye kanga, akaenda, na hakuja tena kwa miezi mingi.

Aliyekuja ni yule bibi wa Mahege. Anaitwa Bibi Siwema. Ndoa ya Hamisi ilikuwa imeshafungwa, watoto wanaishi vizuri, naye alikuja Kibiti kwa mambo yake akapitia kunijulia hali, na mchele kidogo kwenye kikapu. Nilikuwa barazani, nikamwona anakaribia vile vidato vyetu viwili. Alisimama, akashika ukuta, akaupima mguu wa kulia, akauacha, akapanda kwa wa kushoto. Nilimtazama mpaka nikasahau kumkaribisha. Alipokwisha kukaa na kunywa maji nikamweleza ukweli wote, kwamba siku ile niliona ananitazama miguu.

"Mwanangu," akasema, "mimi nilikuwa natazama kile kidato, nawaza mwenzangu atakipandaje. Mimi mwenyewe kinanishinda. Siku hizi naingia kwa mguu unaokubali, na Mungu anaujua mguu wangu."

Alipoondoka nilikaa pale pale muda mrefu. Niliona hasira, kisha nikacheka peke yangu, kisha nikaona hasira tena. Miezi yote ile niliitoa kwa ajili ya macho ambayo yalikuwa yananionea huruma.

Kliniki ya mwezi ule nilikwenda bila kutafuta kisingizio. Upendo alitoa futi kamba ya fundi cherehani akayapima mapaja yangu yote mawili, akaandika, hakuniambia ni tofauti gani. Alinigeuzia karatasi nijisomee. Paja la kulia lilikuwa limekonda kuliko siku niliyotoka wodini. Akaniuliza naogopa nini hasa, nikamwambia naogopa mlio. Akachuchumaa mbele yangu kuokota kalamu, na goti lake likalia, kah, mpaka mgonjwa wa mlangoni akageuka.

"Na mimi nikapigwe picha?" aliuliza.

Halafu akaacha mzaha. Alisema nyonga yangu ni nzima, ila misuli inayoishikilia naiua mwenyewe kwa kuinyima kazi, na siku nitakayoteleza bafuni hakutakuwa na kitu cha kunidaka. Alinipandisha ile ngazi isiyokwenda kokote mara kumi, mlango ukiwa wazi na benchi zima likitazama. Mzima kupanda, mgonjwa kushuka. Mara ya saba kitu kililia ndani ya nyonga. Nilimkazia macho. Hakubadilika uso, alisema saba, tuendelee nane.

Niliporudi nilimwambia baba Rehema nataka kuendesha baiskeli lakini naogopa kuanguka. Siku mbili nzima sikumwona vizuri, alikuwa nyuma ya nyumba anagonga. Alikuwa ameichukua baiskeli ya kike isiyo na mtalimbo wa katikati, ameinyanyua kwa vyuma gurudumu la nyuma lisiguse ardhi, na kiti amekipandisha juu ili goti lisije likapita kiuno. Chini ya kanyagio la kulia alikuwa ameweka kijiwe cha kupandia. Nilianza kwa dakika tano. Nilikanyaga asubuhi kabla ya shule, nikitazama kisamvu na kuku wa jirani, siendi kokote, na yeye kwenye karakana yake anajifanya hasikii mnyororo unavyozunguka. Niliposhuka siku ya kwanza nilimwomba radhi kwa yale ya Mahege na ya mbele ya wateja. Alisema mnyororo unahitaji grisi.

Kutoka hapo nilihesabu kwa nguzo za umeme. Wiki ya kwanza nguzo mbili barabarani na kurudi, wiki ya pili tatu, baba Rehema akinifuata nyuma na kigoda cha kupumzikia kwapani, watu wakidhani tunahama. Masika ya pili iliponikamata nilikuwa kwenye nguzo ya kumi na nne, na siku za tope nilibaki kwenye baiskeli ya nyuma ya nyumba. Kulikuwa na siku nilizorudi nyumbani kwa furaha, na siku nilizosimama nguzo ya tatu nikashindwa kusogea kwa sababu nimesikia mwili unasema kitu. Sitakudanganya kwamba hofu iliisha. Ilikuwa inakwenda na mimi, ila sasa tulikuwa tunakwenda. Mpunga ulipoanza kukauka mashambani, tulikwenda Mbwera. Mwenye boti alisubiri maji yajae ili tushukie penye ardhi kavu, na mama yangu alinipapasa nyonga juu ya kanga kama anapapasa embe kujua limeiva.

Baadaye mwezi ule Upendo akazungumza habari za michezo kama alivyoahidi. Kutembea kwa kasi, ruhusa. Baiskeli ya kweli, kuogelea, kutupa mpira, ruhusa. Kuruka, kukimbizana, kusukumana na watu, hapana, nyonga itachakaa kabla ya wakati, na kuanguka ni hatari. Kwa hiyo mechi zangu zilikuwa zimekwisha siku ile niliyopasuliwa, ila hakuna aliyenitamkia. Nililia kwenye gari mpaka tulipofika Mkuranga. Baba Rehema alininunulia machungwa akaniacha nilie.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda uwanjani, kwa miguu, na kwanza nikamwendea Mwajuma. Nilimwambia nilimkosea. Akaniangalia tangu juu mpaka chini, akapiga ukelele kuwaita wenzake, na wawili wakaja wakitokea upande wa nyumbani kwangu, wamebeba kile kiti changu kirefu, maana walikuwa wamekwishapanga na mume wangu kwa siri. Wakakiweka kwenye mstari, katikati kabisa, mahali pa senta. Nikakaa. Mikoba hawakunipa, walinipa filimbi.

Tangu hapo ndio ukawa utaratibu wangu. Napuliza filimbi, nawakaripia, na mazoezi yakianza nasimama chini ya pete natupa mipira thelathini, miguu yote imekanyaga chini. Mwanzoni nilitupa kama mtu anayetupa takataka. Polepole mkono ukakumbuka.

Jumamosi moja, wakati wa kutupa, mpira wa Mwajuma uligonga chuma ukaruka juu kuelekea kwangu. Ulikuwa juu ya kichwa, unapita. Mimi niliyekariri kila hatua mwaka mmoja na nusu sikufikiri kitu. Niliuona mpira, kisha mpira ulikuwa mikononi mwangu, kifuani, na nilikuwa nimeruka na kutua, nimesimama. Wanawake kumi na kitu walikuwa wametumbua macho, hakuna hata mmoja anayetazama mpira, wote wanatazama nyonga yangu. Mwajuma alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Nilisubiri mlio. Nilisubiri mpaka nikasikia pikipiki inapita barabara kuu na kuisha. Nikamrudishia mpira, nikaenda kukaa kwenye kiti.

Sikuambii nawe uruke. Upendo nilipompigia alinigombeza vizuri, akanitaka nije nipigwe picha, na picha ilikuwa salama. Lakini hilo lilikuwa baadaye. Siku ile nilirudi nyumbani peke yangu, haraka, nikipanga namna ya kumficha baba Rehema. Nilimkuta sebuleni amesimama na simu mkononi. Alikuwa na grisi mpaka kwenye shavu, na uso wake ulikuwa uleule wa siku ya Mahege.

"Mwajuma kanipigia," akasema. "Umetua kwa mguu gani?"

Nilifungua mdomo nimjibu. Lilikuwa swali jepesi, mwaka mmoja na nusu nilikuwa na jibu lake kwa kila jiwe na kila mfereji wa Kibiti. Nilijaribu kuuona uwanja, pete, mpira ukishuka. Mpira niliuona. Miguu sikuiona.

"Sikumbuki," nikamwambia.

Akaniangalia, kisha akatazama nyuma yangu, mlangoni, kwenye vile vidato viwili. Nami nikageuka nikavitazama. Hata pale sikujua nimeingia kwa mguu upi.